Gunia Lililofungwa kwa Mkono wa Kushoto

Watoto watatu wa Bwera, mkubwa wao msichana wa miaka kumi na miwili hivi, walimpata kaka yao aliyepotea kwa kutazama mdomo wa gunia la samaki. Hawakusaidiwa na polisi, wala chifu, wala mganga. Mimi nilikuwepo. Lori lililowabeba nililiendesha mimi, na gunia lenyewe nililileta mimi sokoni bila kujua nimeleta nini.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mizigo sasa mtasema mzee anatia chumvi. Chumvi nimebeba sana maishani, ya Katwe, hadi viatu vyangu vikawa vinapasuka kabla ya soli kuisha. Lakini hapa sitii. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema ni nani aliyeniambia.

Kwanza lazima mjue gunia ni kitu gani, maana haya ya plastiki mnayoyabeba leo ni mifuko tu. Gunia la katani lilikuwa na mdomo, masikio na ulimi. Mdomo ni pale juu linaposhonwa baada ya kujazwa. Masikio ni zile pembe mbili anazozifinyanga mshonaji ili mpakiaji apate pa kushika. Ulimi ni ncha ya uzi inayobaki mwishoni. Mshonaji anatumia shazia, ile sindano ndefu iliyopinda, na kila mshonaji ana mkono wake kama kila mtu alivyo na mwendo wake. Mtu wa mkono wa kulia anaanzia sikio la kushoto na kumalizia la kulia. Karibu wote ndivyo walivyoshona. Ulimi wanauacha ukining'inia nje.

Aliyenifundisha kutazama hayo ni Mzee Ramadhani, dereva Mnubi wa Kasese, mfupi sana, aliyekalia mto wa pamba ili aione barabara. Siku niliyoanza kazi kwake alinipa mafunzo yote akiwa anakula muhogo.

"Abdalla," alisema, "kahawa haikai na samaki. Kahawa ni kama mtoto mdogo, kila inachosikia inakishika. Mzigo mzito usiuweke nyuma kabisa, usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli na Mungu ndiye atakayeendesha. Na gunia usilolitazama mdomo usilipandishe."

"Mdomo unasema nini, mzee?"

"Unasema limefungwa na nani, na kama limefunguliwa njiani. Lililofunguliwa lina matundu mawili mawili. Wewe utakuwa unabeba mawe na kusema ni maharagwe."

Alitafuna, kisha akaongeza, "Na tembo ana haki ya njia. Hilo usinilazimishe kulirudia."

Basi. Katika miaka ile ya sitini, baada ya vurugu za Kongo kuwasukuma watu wengi wavuke mpaka waje upande wetu wa Bwera, nilikuwa tayari nimepewa lori langu la tajiri mmoja wa Kasese. Nilikuwa nikibeba ndizi na maharagwe kutoka Bwera kwenda Katunguru, na samaki kutoka Katunguru kurudi Bwera. Siku moja ya soko, tukiwa tunashusha samaki, nilimwona msichana amesimama mbele ya lori, amevaa sufuria kichwani.

Nasema sufuria, na si mfano wa maneno. Sufuria ndogo ya alumini, imebonyea upande mmoja, ameifunga kidevuni kwa kamba. Baadaye nilijifunza kwamba aliivaa kwa jua na kwa mvua, na saa ya kupika aliivua akapikia. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Pembeni yake kulikuwa na mvulana wa miaka kumi aliyesimama amenipa mgongo, na kijana mdogo zaidi aliyekuja moja kwa moja akaninusa mkono.

"Shofere, shuka," alisema msichana.

"Nishuke kwa amri ya nani, wewe sufuria?"

"Hii gunia ulibeba wapi?"

"Katunguru. Nyinyi ni watoto wa nani?"

"Mimi Masika. Huyu anatazama nyuma ni Kambale. Ule anakunusa ni Kasereka. Usiogope, ananusa kila mutu. Akimaliza atakusalimia."

"Na Paluku yuko wapi?"

Niliuliza bila kufikiri, na mtu yeyote wa kwetu angeuliza hivyo. Wasomaji wa mbali wajue kwamba kwenye milima hii, Wakonzo wa upande wetu na ndugu zao Wanande wa Beni na Butembo kule Kongo wanampa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, ambaye huku kwetu tunamwita Baluku. Wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika. Ukimsikia Kambale, unajua kuna Paluku mbele yake. Ukimwona Kambale peke yake, unamuulizia Paluku kama unavyoulizia mguu wa pili wa kiatu.

Kasereka aliacha kuninusa.

"Ndiye tunamutafuta," alisema Masika.

Niliambiwa hadithi yao na Masika mwenyewe, amekaa juu ya gunia, akinihesabia kwa vidole kama afisa wa forodha. Familia ilikuwa ya upande wa Beni. Baba yao alikuwa mshonaji wa magunia ya kahawa, mtu wa mkono wa kushoto, na alimfundisha kazi hiyo mwanawe mkubwa Paluku, naye wa kushoto. Siku ya kukimbia walikuwa pamoja hadi mto Lubiriha wa mpakani. Hapo watu walikuwa wengi mno. Mama alivuka na watoto watatu. Baba na Paluku walikuwa nyuma yao, kisha hawakuwa nyuma yao. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka miwili iliyopita.

"Sasa tazama," alisema, akanivuta hadi kwenye gunia moja kati ya yale niliyoyashusha. "Mushono inaishia wapi?"

Niliinama. Mshono uliishia sikio la kushoto. Ulimi haukuning'inia. Ulikuwa umepitishwa chini ya nyuzi mara mbili na kurudishwa ndani ya gunia, nadhifu, kama mtu aliyeingiza shati kwenye suruali. Nikaona haya kidogo. Gunia lile nililipandisha mwenyewe, nikalitazama mdomo kama nilivyofundishwa, nikaona tu kwamba halijafunguliwa.

"Hivi ndivyo baba anafunga," alisema Masika. "Na yaya Paluku alifundishwa na baba." Yaya kwao ni kaka mkubwa.

Nyinyi mtauliza kwa nini hawakumtafuta kwa jina. Walijaribu. Kabla sijawajua, Masika alimwomba mpiga kengele wa soko la Mpondwe, jirani na Bwera, atangaze kwamba Baluku anatafutwa na familia yake. Niliambiwa na watu waliokuwepo kwamba nusu ya soko iliinuka. Alikuja Baluku fundi wa matofali, akaja Baluku na shemeji yake ambaye naye ni Baluku, na mwisho akaja mzee mmoja na fimbo yake akipiga kelele toka mbali, "Kama ni habari ya ile mbuzi, ilikufa yenyewe!" Tangu siku hiyo watu wa Bwera waliwaita wale watoto "komiti". Wakipita, mtu anasema, "Komiti imeamua nini leo?" Masika alikuwa akijibu, "Bado inakaa."

Shida ilikuwa kwamba komiti haikuwa na muda. Huko Kongo kulisemekana kumetulia, na shemeji wa mama yao alikuwa ametuma wafanyabiashara wa Butembo waje kumchukua yeye na watoto siku ya soko lililofuata. Wakishavuka, Paluku au baba akija Bwera atakuta chumba kina mpangaji mwingine, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilikwenda kumwona huyo mama, kwa sababu watoto wa mtu hawapandishwi lori kama viazi. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Nilipofika jirani mmoja alikuwa akimwita, "Mama Masika! Mama Masika, una mgeni!" Naye alikuwa amempa mgongo, anapepeta unga, hageuki. Niliambiwa baadaye kwamba majirani walianza kumwita hivyo kwa huruma, ili wasilitaje jina la aliyepotea. Yeye hakuitika hata mara moja.

"Mama Paluku," nilisema, naye akageuka pale pale.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mikono yake miwili yenye unga.

"Shofere, mimi nilivuka mayi ya Lubiriha na hii mikono mbili tu. Moja ilishika Kambale, moja ilishika Kasereka. Masika alishika nguo yangu. Wa mbele nilimuacha na baba yake, nikasema beko nyuma, wanakuja. Sasa weye unataka nikupe hawa watatu wote?"

Masika ndiye aliyejibu.

"Mama, tukienda Butembo bila kuuliza, tutakuwa tunamuacha mara ya pili."

Mama alipepeta unga wake hadi ukaisha. Kisha akaniambia, "Mmoja akikosa, shofere, lori yako isionekane tena huku." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Masika aliomba kisu, tukarudi sokoni, akakata mdomo wa lile gunia, kipande chote toka sikio hadi sikio, akakikunja na kukiweka ndani ya sufuria kichwani mwake.

Tuliondoka kesho yake na shehena ya ndizi za kupika. Masika na Kasereka walikaa nami kebini. Kambale alikataa. Alipanda nyuma juu ya mzigo, akakaa ameelekea tulikotoka. Ndivyo alivyokuwa popote. Akitoka mahali papya alitembea kinyumenyume, na kwa hiyo alikuwa anajulikana na kila ng'ombe na kila baiskeli ya Bwera aliyoigonga. Nilimuuliza sababu kwa utani.

"Siku tulikimbia hakuna mutu aliangalia nyuma," aliniambia. "Sasa hakuna mutu anajua njia ya kurudia."

Sikumtania tena.

Baada ya Kikorongo barabara inaingia mbugani. Nilikuwa ninaendesha ninapiga mluzi, Kasereka akashika mkono wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza nami.

"Shofere, kuna kitu munene."

"Wapi?"

"Sijui. Inanuka nyasi na mavi ya moto."

Mimi sikunusa ila petroli. Lakini nilipunguza mwendo, na kwenye kona tukawakuta, tembo wanne katikati ya barabara, na mkubwa wao amekunjua masikio. Kama ningefika pale na mwendo wangu wa kawaida, nisingekuwa ninawaandikia. Nikazima injini. Hapo ndipo Kambale alipogonga paa la kebini taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Hata nyuma iko ingine."

Vijana, ndizi za kupika kwa tembo ni kama harusi. Mzee Ramadhani alikuwa amenifundisha kuzifunika kwa turubai, na juu ya turubai kutandika magunia matupu yaliyowahi kubeba samaki. Watu wa Kasese walinicheka kwa ile harufu. Yule tembo wa nyuma alikuja, akanyoosha mkonga juu ya kichwa cha Kambale, akaugusa mzigo, akapuliza pumzi kama mtu aliyepewa chai bila sukari, akaenda zake. Masika alinong'ona, "Tungemuuliza kama ameona Paluku." Kasereka alicheka mpaka nikamziba mdomo.

Katunguru tulienda moja kwa moja kwenye stoo ya samaki niliyozoea kupakilia. Kulikuwa na washonaji watatu. Masika aliwapanga mstari.

"Fundi, shona tuone."

"Weye ni inspekta?" aliuliza mmoja.

"Mimi ni Masika. Shona."

Sijui kwa nini watu wazima walimtii. Nadhani ni ile sufuria. Walishona wote watatu, na wote watatu wakaishia kulia, ulimi nje. Mmoja wao, bila shaka, aliitwa Baluku. Alipoambiwa ana jina linalotafutwa alisema, "Basi nichukueni, huko kwenu kuna chakula?"

Kasereka alikuwa amekinusa kile kipande cha gunia kwa muda mrefu, macho amefumba.

"Samaki ya hapa inanuka chumvi," alisema. "Hii inanuka moshi."

Mwenye stoo alikubali kwamba pale kwake walikuwa wanatia chumvi tu. Samaki wa moshi waliletwa na watu wengi wa kando ya mfereji mkubwa unaopita Katunguru na ya ziwa, kila mtu na gunia lake alilolifunga mwenyewe. Ni watu gani? Alipunga mkono kuelekea maji yote ya Mungu. Nilimwona Masika analegeza kamba ya sufuria kidevuni, na nikajua amechoka. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na nilikuwa nimemwahidi mama yule kuwarudisha siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na ndizi za kushusha ng'ambo ya daraja la mfereji, basi nikavuka. Tulikuwa katikati ya daraja niliposikia paa la kebini likigongwa, safari hii kwa nguvu.

"Shofere! Simama! Kushoto! Inaishia kushoto!"

Hapo natakiwa kueleza vizuri, kwa sababu mimi nimevuka daraja lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na sikuwahi kukiona alichokiona Kambale. Anayekuja kutoka Kikorongo anatazama mbele, anaona daraja. Ukingo tuliokuwa tumeutoka umeinama kuelekea maji, na chini yake kulikuwa na kibanda cha kukausha samaki kwa moshi, kimegeuzia barabara kisogo. Ili ukione ni lazima uwe juu ya mzigo, kwenye daraja, unatazama ulikotoka. Magunia yalikuwa yamepangwa nje, midomo kuelekea mfereji. Yote mshono wake uliishia sikio la kushoto.

Tuliteremka kwa njia ya mbuzi. Mwanamke mzee wa Kikonzo alikuwa anageuza ngege, wale samaki wa ziwani, juu ya wavu wa moto. Nyuma yake kijana mrefu alikuwa amechuchumaa, shazia katika mkono wa kushoto, ametupa mgongo.

Nilifungua mdomo niite "Paluku!" Masika akanizuia. Alinieleza baadaye kwamba mtu yeyote angegeuka kwa jina hilo, na yeye hakutaka kuona tena uso wa mtu mwingine ukigeuka. Alivua sufuria kichwani, akaipindua, akaigonga kwa kifundo cha kidole, mbili za haraka na moja ya pekee. Ndivyo mama yao alivyowaita kula, nyumbani, kabla ya mto. Kumbe ndiyo sababu hakuruhusu mtu kuigusa.

Kijana alisimama na shazia mkononi. Hakugeuka upesi. Aligeuka polepole kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Aliwatazama mmoja mmoja, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mumekula?"

Sitawaelezea kilio. Kila mtu anakijua. Nitawaeleza alichosema Paluku tukiwa tumekaa tunakula ngege wa yule bibi. Yeye na baba yao walizuiliwa mtoni, wakazunguka hadi ziwani. Baba alimpandisha kwenye mtumbwi wa wavuvi uliobakiwa na nafasi ya mtu mmoja, akamwambia, "Nakuja na wa nyuma." Wa nyuma ulikuja bila baba. Paluku alidhani mama na wadogo zake walibaki Kongo. Hakujua kuandika. Lakini alijua kwamba samaki wa Katunguru wanakwenda soko la Bwera, na kutoka hapo wanavushwa hadi Beni.

"Nilisema mama akiwa muzima, siku moja atanunua samaki," alisema. "Ataona gunia."

Kwa hiyo alikuwa anashona kila gunia kwa mkono wa baba, hata magunia ya majirani ambao hawakumwomba. Yule bibi, aliyemchukua akiwa hana hata shati, alisema, "Nilidhani ni uchafu wa akili. Kijana gani anapenda kushona hivi?"

Kasereka peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa anazunguka wavu, ananusa kuni, ananusa samaki, ananusa kaka yake.

"Moshi hii si ile," alisema.

"Kula, mutoto," alisema bibi, na sisi sote tukamwambia ale.

Tuliingia Bwera giza limeshika. Paluku alikuwa nyuma na Kambale, na Kambale kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa anatazama mbele. Mama yao alikuwa mlangoni na taa ya mafuta. Nilizima injini.

"Mama Paluku, nimerudisha watoto. Hesabu."

Alihesabu kwa sauti. Masika. Kasereka. Kambale. Kisha akainua taa juu kidogo.

"Shofere," alisema, "mimi nilikupa watatu."

Basi akaweka taa chini, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nililala kwenye kebini, na asubuhi walinipa uji. Hapo ndipo Masika alipokitoa kile kipande cha gunia ndani ya sufuria ili amwonyeshe kaka yake jinsi walivyomgundua. Paluku alikishika, akakipitisha dole gumba juu ya mshono, akafika kwenye sikio la kushoto, akasimama.

"Hii si yangu."

"Inaishia kushoto," alisema Masika.

"Ulimi, Masika. Mimi napitisha mara moja. Tazama gunia zangu zote. Baba alinikataza kupitisha mbili. Alisema mbili iko ya mutu mukubwa, mimi nitapitisha mbili siku nitakuwa na mutoto wangu."

Kisha Kasereka akasema na uji mdomoni, "Nilisema moshi si ile."

Wafanyabiashara wa Butembo walipokuja siku ya soko, Mama Paluku aliwapa salamu za kumpelekea shemeji yake na kikapu cha ngege, akawaambia yeye atakaa Bwera. Walimuuliza anakaa kwa nani. Aliwaambia anakaa kwa magunia.

Mimi nilijaribu kuirudia njia ya gunia lile. Siku ile nilipakia stoo ya Katunguru, nikapakia Katwe, na njiani nikachukua magunia mengine ya watu waliosimama kando ya barabara, kama ilivyokuwa desturi. Nilirudi kwa wote niliowakumbuka. Nilizunguka na Paluku siku nyingi za mapumziko, tukatazama midomo hadi watu wakadhani tunatafuta bangi. Tangu hapo sikupandisha gunia bila kutazama ulimi.

Na hiyo tabia ilinifaa hata kwa jambo jingine. Miaka ya sabini vizuizi vya barabarani vilipozidi, askari walikuwa wanakata midomo ya magunia kwa visu, na mzigo unamwagika wote. Paluku, ambaye sasa alikuwa mshonaji wa stoo pale Bwera, alibuni mshono wenye uzi mmoja wa kuvuta. Afande anasema, "Fungua! Haraka!" Mimi navuta uzi, mdomo wote unafunguka kama kitabu, afande anatazama, nami nashona tena. Mmoja aliniuliza, "Wewe ni mchawi?" Nikasema, "Hapana afande, nina fundi." Akanifanya nimfundishe, foleni ya magari ikisubiri. Nyinyi sasa midomo inashonwa na mashine, yote sawasawa, haisemi imefungwa na nani. Ni haraka zaidi, na sikatai haraka.

Komiti ilikua vizuri. Kambale ni dereva, na hakuna mtu kati ya Bwera na Kasese anayeliingiza lori kinyumenyume kwenye uchochoro kama yeye. Kasereka ananunua kahawa huko Kitswamba. Hafungui gunia, ananusa tu, na akisema imelala na samaki mwenye mali anaona haya. Paluku ana watoto, na ulimi anaupitisha mara mbili. Lakini aliweka alama yake, fundo dogo mwishoni, ili mkono wake usichanganywe na wa baba. Mama Paluku alizeeka akiitwa kwa jina lake. Masika anauza samaki sokoni, na kila mteja anajua kwamba hatauziwa gunia mpaka Masika autazame mdomo wake kwanza.

Katikati ya miaka hiyo ya sabini, sukari ikiwa imeadimika na petroli ya kuomba, lilikuja gunia moja. Halikuja na lori langu. Dereva aliyelileta nilimhoji mwenyewe. Alisema alilipakia alfajiri ufukweni kutoka kwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi alikuwa na haraka, na mtumbwi ulirudi ziwani kabla hajamwona uso. Masika alikata mdomo akauweka pamoja na ule wa kwanza. Kasereka aliitwa kutoka Kitswamba aje anuse. Alinusa huu, akanusa ule, akasema moshi ni mmoja.

Midomo hiyo miwili ipo mpaka leo ndani ya ile sufuria, nyumbani kwa Masika. Nimeishika. Inaishia kushoto yote miwili, ulimi umepita mara mbili, na hakuna fundo dogo mwishoni.